Kokoto Kumi na Mbili

Barabara kuu inayotoka mji mkuu kwenda baharini inapita hatua kumi na saba kutoka kitanda changu. Nimezihesabu. Malori yakipita, kikombe changu hutembea mezani chenyewe. Asubuhi nakiweka upande wa dirisha, nikirudi msalani nakikuta upande wa mlango, kinatafuta pa kutokea. Watu wakinisikia nikisema hivyo husema, haya, Babu Chumvi kaanza. Lakini hilo la kikombe ni kweli, au ni jirani wa kweli.

Nimefanya kazi katika genge la barabara hii miaka thelathini na sita. Nimefukia mashimo, nimefyeka majani, nimezibua mitaro, nimepaka chokaa mawe ya kilomita mpaka chokaa ikahamia kichwani mwangu. Siku ya kustaafu walinipa cheti na saa ya ukutani. Saa ilisimama wiki ya pili, ikastaafu na yenyewe. Tangu hapo kazi yangu ni kukaa kibandani kwa mama wa chai na kuwapunguzia madereva usingizi. Wao wanapata hadithi, mimi napata chai, na barabara inaendelea kupita kama haituoni.

Siku waliyofika wapimaji nilikuwa kwenye benchi langu. Alishuka binti wa miaka kama thelathini, koti la manjano, uso umeiva kwa jua, na nyuma yake kijana wa kazi, mpaka rangi wake, mwenye kopo la rangi nyekundu na vidole vyekundu kama mchinjaji. Wakakaa kama magunia yanavyokaa.

"Shikamoo, babu," binti akasema.

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa, babu, mpaka tumeganda. Miezi minne tunapanda gari na kushuka. Karatasi inasema jiwe fulani, tunashuka kwenye jiwe hilo, tunapima mita zilizoandikwa, huyu anapaka alama, tunapanda tena. Mimi naota mawe."

"Basi mtakuwa mmepita kilomita yetu fupi."

Mpaka rangi akainua kichwa. "Ipi hiyo?"

Mama wa chai akagonga sufuria kwa mwiko. "Umeuliza! Leo hamwondoki hapa."

Nikanywa chai kidogo, kwanza, maana hadithi isiyotanguliwa na funda huwa kavu. "Iko kati ya jiwe la mia mbili kumi na tatu na la mia mbili kumi na nne. Ulipita mwaka wa jua, jua lenyewe lilishuka chini mpaka watu warefu wakawa wanatembea wameinama. Lami ikajikunja kama ngozi mbichi. Kulipokucha, kilomita nzima imebaki nusu! Basi la kwanza kupita siku hiyo lilifika kituo cha mbele kabla abiria hawajamaliza kupanda. Mzee mmoja alikuwa anampungia mkewe dirishani. Mkono ukafika pwani, mwenyewe bado yuko hapa."

"Na mkono aliupataje?" akauliza mpaka rangi.

"Kwa posta. Lakini ulichelewa. Uliporudi ulikuwa umejifunza kuogelea."

Binti alicheka mpaka akalaza paji la uso juu ya meza. "Babu, siku ukifa watakuzika wewe, halafu mdomo watautafutia kaburi lake."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Ndiyo, nakiri. Mtu wa umri wangu akimchekesha mpima wa serikali aliyechoka, analala vizuri.

Dada yangu mkubwa anakaa ng'ambo ya barabara, mbele kidogo ya jiwe la mia mbili kumi na nne. Ni fundi wa maturubai. Lori likichanika turubai njiani, dereva anamshushia dada. Viti vya malori vikitoka manyoya, anavivika nguo mpya. Cherehani yake ni ile nzito ya kushonea ngozi, na mlio wake ndio unaoniamsha. Siku iliyofuata haukuniamsha. Nililala mpaka jua likaniingia puani, nikajiuliza nimekufa au nini. Nikasikiliza. Malori yapo, kikombe kinatembea, cherehani kimya.

Nikavuka barabara na goti langu bovu, nikamkuta kibarazani, turubai limemfunika miguu, sindano imechomekwa nusu. Ukutani, kando ya mlango, alama nyekundu ya kukatiza, kubwa kuliko mlango wenyewe. Rangi ilikuwa bado inatiririka.

"Dada, shikamoo. Nini tena hii?"

"Wamesema mimi mvamizi," akasema, bila kuitikia shikamoo yangu.

"Nani?"

"Yule binti na karatasi yake. Hapa unajengwa uwanja wa mizani ya malori. Karatasi inasema mita mia mbili mbele ya jiwe, mkono wa kushoto. Amepima na kigurudumu chake, kikaja kikaingia mpaka sebuleni kwangu. Eti kwenye karatasi hapa hapana nyumba. Pana mawe matupu na shimo la machimbo ya zamani. Kwa kuwa mimi nimeonekana na shimo halijaonekana, basi mimi ndiye niliyevamia."

"Machimbo si yako kule mbele?"

"Hata kuku wangu wanajua yako kule mbele. Karatasi yao inasema yako hapa." Akavuta uzi ukakatika, akautazama. "Kesho saa nne anatuma taarifa. Jumatatu linakuja katapila. Mimi nina miaka sabini, mdogo wangu. Matofali haya shemeji yako aliyachoma mwenyewe, tanuri lilikuwa pale. Alitaka nyumba ya kando ya barabara ili akipita na lori lake anipigie honi tatu. Nihamie wapi ambapo honi hizo zinasikika?"

Shemeji amefariki miaka kumi na mmoja sasa. Dada bado huinua kichwa lori likipiga honi tatu.

Nilikaa juu ya rundo la vipande vya turubai kwa sababu goti lilikataa, na si goti tu. Nilijua machimbo yalihama vipi. Nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka arobaini na mmoja, na jana tu nililisema kibandani nikiwa nimelivika mkono wa mzee unaoogelea.

"Dada," nikasema, "jiwe lile haliko mahali pake."

"Usianze."

"Sianzi. Namaliza. Jiwe liko nyuma ya mahali pake. Tulilichimbia kabla halijafika."

Akanitazama kama anavyotazama turubai la mtu anayetaka lishonwe bure. Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza bila chumvi, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa fupi.

Mawe ya kilomita yalikuwa ya zege, kimo cha mtoto wa miaka kumi, uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Tulikuwa tunayapeleka kwa lori na kuyachimbia moja moja. Siku ile lori lilivunjika ekseli kwenye jiwe la mia mbili kumi na tatu. Nyapara akasema kazi haimngoji fundi. Jiwe linalofuata libebwe. Tukalibeba kwa miti miwili, watu wanne: mimi, mwenzangu tunayemwita Kimya, na wengine wawili ambao Mungu ameshawapumzisha. Kupima tulipima kwa kamba ya mita hamsini. Kila kamba ikinyooshwa mpaka mwisho wake, mimi naokota kokoto moja naitia mfukoni. Kokoto ishirini, kilomita moja. Nyapara hakuwa mtu wa vitabu lakini kokoto alizijua. Jioni alikuwa anavua kofia anasema, "Mimina," unamimina, anahesabu, basi.

"Kamba ya nane ilipoisha," nikamwambia dada, "ulikuja wewe na ndoo ya maji."

"Nilikuwa nawaletea maji kila mkipita."

"Siku ile tulikunywa tukalala chini. Jua limesimama utosini, mabega yamechubuka mpaka shati limenata. Hakuna aliyeinuka. Wewe ulichukua ndoo ukaenda zako, sisi tukabaki. Ilipofika saa kumi jiwe lilikuwa linatutazama, na sisi tunalitazama. Ndipo mimi nikasema, 'Kwani hapa pana ubaya gani?' Tukachimba, tukalisimamisha. Kisha nikaokota kokoto kumi na mbili pale pale miguuni pangu, nikazichanganya na zile nane. Jioni nyapara akahesabu ishirini. Akanisifu."

"Na jiwe lililofuata?"

"Kesho yake lori lilipona. La mia mbili kumi na tano lilipimwa kwa saa ya lori ya kuhesabia kilomita, kuanzia la kumi na tatu, likaangukia panapostahili. Kwa hiyo kilomita moja fupi, ya pili ndefu, kosa limekaa katikati kama jino lililoota pembeni. Madereva walipoanza kuuliza, nikaogopa kufukuzwa kazi, nikawaambia ni jua. Wakacheka. Nikaona kumbe hawataki kujua."

Dada alitia uzi upya kwenye sindano. Alichukua muda, macho yake si ya zamani, na hakutaka nimsaidie.

"Ndoo ilikuwa ya namna gani?" akauliza.

"Ya bati. Mshikio ulikuwa umekatika, umefungwa kamba ya katani."

Lori moja likapita, la pili likapita. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Wazee walisema. Sikujua kama walishapimiwa."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe Jumanne, kama bado nina mlango wa kukufungulia. Nenda ukamwambie yule binti."

Binti wa kupima alikuwa nyumba ya wageni, kwenye kiti cha plastiki barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Visigino vyake vilikuwa na malengelenge. Karatasi zake zimetandazwa mapajani, na mpaka rangi anakula karanga ukutani. Nikaeleza. Nilieleza kama nilivyomweleza dada, lakini nilipofika kwenye kokoto mpaka rangi alikuwa ameshashika mbavu.

"Jana jua," akasema. "Leo kokoto. Kesho itakuwa nyangumi ameimeza!"

"Babu," binti akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayefunga duka, "kila tunapopaka alama anatokea mzee na hadithi. Kilomita ya tisini mmoja aliniambia nyumba yake ilikuwepo kabla ya ardhi. Mimi sichagui. Jiwe limeandikwa mia mbili kumi na nne, karatasi imeandikwa mia mbili kumi na nne."

"Si mna chombo cha kupima kwa satelaiti?"

"Kimeharibika tangu mwezi wa pili. Kiko mji mkuu kinasubiri sahihi."

"Basi tupime kwa kigurudumu. Kuanzia jiwe la kumi na tatu. Kilomita moja tu."

Akatoa mguu mmoja kwenye beseni akanionyesha. "Kilomita moja tu, babu? Kwa hii? Ili nikifika kwenye jiwe uniambie kumbe lilikimbia?"

Ajabu ni kwamba ningekuwa nataka kumdanganya, maneno yangekuja kama nzige. Kweli inanikausha mdomo. Nikageuka kuondoka, nikamkuta dada amesimama nyuma yangu, amevuka barabara peke yake, sindano ya turubai imechomekwa kwenye kilemba.

"Mwanangu," akamwambia binti, "pole na miguu. Sikuja kukulilia. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ni mwongo. Alianza uongo kabla hajaota meno; alikuwa analia kama ana njaa kumbe kashiba."

"Dada..."

"Nyamaza, nakusaidia. Nimesikia uongo wake wote, mwanangu, miaka sitini na zaidi. Katika uongo wake yeye ndiye aliyemshika chui mkia. Yeye ndiye aliyelisukuma basi mlimani. Hata kwenye ile ya jua, yeye ndiye aliyekuja kulikemea jua lirudi juu. Hajawahi kutunga uongo wa kumuaibisha yeye. Hata mmoja. Leo amekuja kukwambia alikuwa mvivu, akaiba kokoto, akamdanganya bosi wake, na nyumba ya dada yake inabomolewa kwa sababu hiyo. Jiulize mwenyewe huyu anapata nini hapo."

Mpaka rangi aliacha kutafuna. Binti alimtazama dada, akanitazama mimi. Nilijikuta natazama sakafu, na nadhani hiyo ndiyo iliyomshawishi kuliko yote, maana jana sikuwa mtu wa kutazama sakafu.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema. "Kabla ya jua kali. Na ukinichezea, babu, nyumba yako wewe nitaipaka pande zote nne."

Nilimpitia Kimya jioni hiyo. Anaziba pancha za baiskeli siku hizi, na jina lake bado linamfaa. Nilimwambia yote. Alimaliza kubandika kiraka, akakipuliza, akasema, "Haya." Tukaagana.

Asubuhi tulianzia jiwe la kumi na tatu, binti, mpaka rangi na mimi. Kigurudumu kina mpini mrefu na kisanduku cha namba, na kila mita kinalia tik. Kutoka pale huoni jiwe linalofuata, kuna kilima kinaficha. Tukaanza. Malori ya usiku yalikuwa yanaingia bado, taa zimewaka, na kila likipita upepo wake unatusukuma mpaka kwenye majani.

Mita mia. Mita mia na hamsini. Nataka niseme nilikuwa na hakika, lakini leo sina nguvu za kudanganya. Nimeisimulia kilomita ile mara nyingi mno. Kuna siku ilikuwa robo, kuna siku ilikuwa nusu, kuna siku niliikunja mpaka ikawa upana wa mkeka. Tulipofika mia mbili na hamsini nikaanza kujiuliza kama ilikuwa kamba ya nane kweli, au ya kumi na nane. Labda tulikaribia. Labda tulifika kabisa na mimi nikaongeza uvivu baadaye ili hadithi ikolee. Ndoo nilikuwa na hakika nayo, na mabega pia. Lakini kokoto? Nilitia mkono mfukoni kama mjinga, nikakuta mfuko mtupu.

Tik, tik, tik. Binti alikuwa anachechemea na mimi nachechemea, yeye kulia, mimi kushoto. Tulikuwa kama mkasi mbovu. Tukapanda kile kilima, na juu yake nikaliona jiwe, jeupe, karibu, karibu mno.

Kigurudumu kikagonga zege. Binti akainama, akasoma. Akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Mia nne na kumi na mbili," akasema.

"Kamba ilikuwa inavutika," nikasema. "Katani hiyo."

Mpaka rangi hakucheka. Binti alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu kimoja. Akasugua kisigino.

"Juzi nilipita hapa nimelala," akasema mwishowe. "Nilisinzia kwenye gari toka jiwe la kumi na mbili mpaka dereva alipofunga breki. Ningekuwa macho ningeona. Hata kwa macho matupu inaonekana. Nilikuwa nimechoka tu, babu."

"Najua," nikamwambia. "Ndipo watu wanapochokea, hapa."

Tukaendelea. Kigurudumu kikapita mbele ya nyumba ya dada. Alikuwa kibarazani na turubai lake, hakuinua kichwa, lakini cherehani ilisimama mpaka tulipopita. Elfu moja ikatukuta kwenye vichaka vya miiba, mahali ambapo sijawahi kusimama bila sababu ya haja ndogo. Mita mia mbili mbele yake, mkono wa kushoto, machimbo ya zamani: shimo, mawe matupu, hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi. Binti akafungua karatasi, akalinganisha, akaikunja.

"Karatasi haikukosea," akasema. "Ilikuwa inaeleza pahali ambapo jiwe lilitakiwa liwepo." Akamgeukia mpaka rangi. "Nenda kafute ukuta wa mama. Tumia mafuta ya taa. Na umwombe radhi, mimi nakuja." Kisha akanigeukia mimi. "Na lile jiwe lihame leo. Akija mwingine amechoka kama mimi, asianguke hapo hapo. Pikapu ipo."

Lakini tuliporudi tukamkuta dada ameshasimama kando ya jiwe, mikono kiunoni. "Pikapu ya nini? Lilikuja kwa mabega, liondoke kwa mabega."

"Dada, nina miaka sitini na sita."

"Wakati ule ulikuwa na ishirini na mitano na bado hukulifikisha." Akanitazama vizuri, akaona goti, akalegea kidogo. "Mkokoteni wangu wa maturubai uko uani. Hiyo ndiyo huruma yangu yote ya wiki hii."

Kimya alikuwa ameshafika. Amekuja na sururu, na miti miwili begani, kama zamani. Alipouona mkokoteni aliitua ile miti chini kama mtu aliyesomewa msamaha.

Tulichimba saa nzima. Jiwe la kilomita ni kama ndugu wa mbali, kadiri linavyokaa ndivyo linavyoota mizizi. Mpaka rangi alitusaidia kulilaza kwenye mkokoteni, na vidole vyake vikaacha alama nyekundu kwenye chokaa. Kabla hatujaondoka niliokota kokoto kumi na mbili pale pale shimoni, nikazitia mfukoni. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Dada aliona, akageuza uso.

Binti alitangulia na kigurudumu. Kila mita hamsini anasema, "Hamsini," sisi tunasimama, mimi natupa kokoto moja kando ya barabara. Jua lilikuwa limeshapanda. Kimya anasukuma kushoto, mimi kulia, jiwe limelala kati yetu linatazama mbingu.

"Limeongezeka uzito," nikasema kwenye kituo cha nne.

"Sisi ndio tumepungua," Kimya akasema.

"Miaka arobaini na mmoja hujanipa sentensi ndefu hivyo."

Hakuongeza nyingine.

Kwenye kituo cha sita mama wa chai na wateja wake walikuwa wamejipanga kando ya barabara. "Babu, mnalipeleka wapi hilo?"

"Mahali pake."

"Kwa hiyo kilomita fupi ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Ilikuwa ni uvivu wetu tu. Tulichoka tukalitua, nikaongeza kokoto."

Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka mingi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Babu, hiyo haina utamu. Hata hukujitahidi. Turudishie ile ya mkono."

"Hii ndiyo ya kweli."

"Ndiyo maana haiuziki," akasema, na wote wakarudi kwenye chai yao. Nilisimama pale na mpini mkononi, jasho linaingia machoni. Kusema kweli mara moja maishani, na watu wanarudi ndani! Kimya akanigusa kiwiko, tukasukuma.

Kokoto kumi na moja zilikwisha, na baada ya hapo ikabaki mita thelathini na nane, haikufika kamba. Tukachimba kwenye miiba, tukalisimamisha, tukalikanyagia udongo. Binti alilipima wima kwa jicho, akaandika kwenye daftari, akatupa mkono mmoja mmoja. Mkono wake ulikuwa wa moto na wenye magamba kama wetu. Akapanda pikapu. Nilimwona ameegemeza kichwa kwenye kioo kabla gari halijaondoka, lakini macho alikuwa ameyafumbua.

Nilirudi kwa dada nikijikokota. Ukuta ulikuwa umesuguliwa. Imebaki waridi hafifu, ukijua pa kutazama utaiona. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa baraza zima. Nilikaa chini, mgongo ukutani, nikatoa ile kokoto moja nikaiweka kiganjani.

"Nini hiyo?" dada akauliza, mguu uko kwenye cherehani.

"Ya kumi na mbili. Imebaki."

Alinyoosha mkono, nikampa. Nilidhani ataitunza. Niliona kabisa jinsi nitakavyoisimulia, kokoto iliyookoa nyumba, iliyong'aa gizani, ambayo wapimaji kutoka nchi saba walikuja kuitazama. Dada aliigeuza mara moja, akaitupa barabarani, mbele ya lori.

"Hiyo imeshakwisha," akasema. "Inuka unishikie turubai. Mwenyewe anapita saa tisa."

Niliinuka. Lilikuwa turubai la lori la mizigo, refu kama mchana ule, na yeye akashona, na mimi nikashika.